Pakiti Sita za Jirani

Nianze na ukweli: nilikuwa namwonea wivu jirani yangu. Watu wengi wakisimulia mambo yao ya nyuma hujipaka mafuta wang'ae. Mimi sijipaki. Wivu ulinianza siku ile ile aliyohamia, kabla hata hatujasalimiana, kwa sababu mumewe alipokuwa anashusha kitanda kutoka kwenye gari la ofisi alimwambia, "Wewe kaa, utachoka." Utachoka! Mimi nilikuwa nimetoka sokoni kusukuma magunia ya mchele toka alfajiri, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama nachoka.

Tulikuwa tumepanga nyumba moja pale Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, ua mmoja, bomba moja. Wao vyumba viwili, sisi viwili. Mumewe alikuwa karani wa serikali na mzee wa kanisa, mtu wa kunyoosha shati mpaka mikunjo ya mikono inasimama. Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya shaba. Anapita Tunduma kwenda Zambia, anapita tena akirudi na mzigo kwenda bandarini. Nikibahatika nalala naye siku tatu kwa mwezi, na siku moja kati ya hizo tatu analala kweli, anakoroma kama injini yake.

Sasa sisi wake wa madereva tulikuwa na hesabu yetu kuhusu vidonge vya majira. Hatukufundishwa na nesi, tulifundishana wenyewe sokoni. Pakiti moja ina vidonge ishirini na vinane, vyeupe na vile saba vya kahawia. Tukasema, kwa nini mtu umeze kidonge kwa ajili ya godoro tupu? Mume akipiga simu kwamba yuko Makambako, unaanza kumeza. Akivuka mpaka, unaacha. Kwa mtindo huo pakiti moja ilinikaa karibu nusu mwaka, na nilijiona mjanja kupita wanawake wote wa Tunduma.

Mtoto wangu wa tatu ndiye aliyenisahihisha. Tumbo lilipokuwa halifichiki tena nilibeba ile pakiti iliyobaki nusu, nikaenda duka la dawa nikaitupa juu ya kaunta. "Umeniuzia chaki," nikamwambia mama wa duka. Watu wamejaa. Akaniuliza taratibu navimeza vipi. Nikamweleza. Yule mama alicheka mpaka akakaa kwenye kigoda, akafuta macho kwa kanga. "Mama wee, hivi si vidonge vya kichwa," akasema. "Hivi ni kila siku, mume awepo asiwepo, hata akiwa Kongo."

Kila siku! Maana yake kila mwezi pakiti. Kwa wakati ule pakiti ilikaribia bei ya kilo ya mchele, na mimi kwenye gunia zima kuna wiki sikupata faida ya kilo tatu. Najua utasema, si kliniki vinatolewa bure? Vinatolewa, ndiyo. Siku ya kliniki ilikuwa Jumanne, na Jumanne ndiyo malori ya mchele yanapanda kutoka Kamsamba. Usipokuwepo lori linapofika, mchele mzuri wanachukua wenzako na wewe unabaki na chenga. Mara mbili niliacha mchele nikaenda kupanga foleni. Mara ya kwanza vilikuwa vimekwisha. Mara ya pili nikaambiwa nirudi na mume wangu, wakati mume wangu yuko Ndola huko. Basi, nikarudi dukani na kununua huku nanuna.

Na hapo hapo, ukuta kwa ukuta, kuna mwanamke ana kadi ya bima.

Nilimwona nayo siku alipokuwa na malaria. Aliondoka asubuhi akiwa amejifunga shuka, mumewe pembeni, akarudi mchana na mfuko wa dawa umejaa, kuna za kuchanganya na maji, kuna vitamini, kuna mpaka mafuta ya kuchua. Nikamwuliza, kwa kujifanya namhurumia, "Pole mdogo wangu, wamekukamua sana?" Akasema hapana dada, hatukutoa hata shilingi, ni kadi. Akamwomba mumewe anionyeshe. Mumewe akaitoa mfukoni mwa shati. Ilikuwa na picha ya mke, amevaa hereni na kichwa amekiinamisha kidogo, imefunikwa plastiki kama kitu cha mzungu.

Sisemi uongo. Nilirudi ndani nikawapiga watoto bila kosa. Nilikuwa nimefanya biashara tangu nina miaka kumi na saba, wateja wangu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wakinikuta wananipigia magoti, "Mulishani bamayo," hujambo mama, kwa heshima zote. Lakini nikiumwa mimi, naumwa kwa fedha yangu. Yeye hafanyi kazi yoyote, anafua na kupika, na akikohoa tu serikali inamlipia.

Tangu hapo kila alichokuwa nacho nilikiona kimetoka kwenye ile kadi. Ngozi yake nyororo, kadi. Wanawe wawili wa kiume hawana upele, kadi. Hata siku anapocheka bombani nilijisemea, na kwa nini asicheke.

Yeye hakuona lolote. Au niliamini hivyo. Alikuwa Mnyiha wa Itaka, msichana wa watu, mpole, sauti yake ya chini na anavuta maneno kama anayapima kwanza. Aliniita dada, akanishikia watoto nikichelewa sokoni, akaniletea ndizi za kwao. Jioni moja, mumewe akiwa kwenye kikao cha kanisa, akaja chumbani kwangu amebeba kopo la maziwa ya unga chini ya kitenge. Akalifungua. Ndani mlikuwa na pakiti sita za vidonge vya majira, mpya, zimepangwa vizuri.

"Dada, naomba vikae kwako," akasema. "Nitakuwa nakuja kuchukua moja kila mwezi."

Nikamwuliza kwa nini visikae kwake. Ndipo akakaa kwenye gunia, akanieleza. Wanawe wote wawili aliwazaa kwa kisu. Wa pili nusura aende naye. Daktari alimwambia akae miaka mitatu bila mimba, asithubutu kabla, kovu litapasuka. Miaka mitatu ilikuwa haijafika nusu. Na mumewe alikuwa anataka binti haraka, kwa sababu kwao mtoto wa kike hurithi jina la bibi yake mzaa baba, na mama yake alikuwa mzee, anaumwa, kila akipigiwa simu anauliza, "Jina langu limepata mtu?" Mume akasema madaktari wanatisha watu, Mungu ndiye anayefunga na kufungua. Hakutaka kusikia habari ya vidonge.

"Kwa hiyo akiviona?" nikauliza.

"Atavichoma moto," akasema. "Dada, nisipomeza nitakufa."

Alisema hivyo hivyo, bila kulia. Nikalichukua kopo. Lilikuwa na kile kifuniko cha bati cha kubana, kinachofunguliwa kwa mpini wa kijiko. Nikalizika ndani ya gunia la mchele wa akiba, chini kabisa. Nikamwambia awe na amani, kwangu hapafiki mtu. Na moyoni, Mungu anisamehe, nilisikia jambo moja tu katika yote aliyosema: pakiti sita kwa mkupuo. Kadi hiyo, nikasema. Mimi napigania moja moja kama ombaomba, mwenzangu anapewa kwa kopo.

Miezi miwili ya kwanza nilikuwa mwaminifu. Alikuja, nikafukua, akachukua yake, akaificha ndani ya soksi za mtoto.

Halafu masika yakaingia kwa fujo. Barabara ya Momba, ile ya kwenda Kamsamba, ikakatika, malori ya mchele hayapandi, na sokoni nikakaa na madebe matupu natazamana na wenzangu. Wakati huo huo forodhani kukawa na msongamano, malori yakapanga foleni kutoka mpakani mpaka karibu na kwetu. Mume wangu akakwama. Sio siku tatu, wiki tatu na zaidi. Asubuhi anakwenda kuangalia lori limesogea hatua ngapi, jioni anarudi amenunua maandazi, ana furaha, ananiita mchumba. Na pakiti yangu ilikuwa imekwisha siku mbili kabla hajafika.

Nilisimama juu ya lile gunia muda mrefu. Nilijiambia nakopa moja tu, barabara ikifunguka narudisha. Lakini niseme ukweli mpaka mwisho. Sikuchukua kwa shida peke yake. Duka la dawa lingenikopesha, yule mama nilikuwa nimeshazoeana naye tangu siku ya chaki. Nilichukua kwa sababu roho iliniuma kwenda kukopa wakati kopo la bure limekaa chini ya mchele wangu. Nikasema, yeye ana kadi. Zikiisha ataomba nyingine. Na hata ikitokea mimba, mwenye kadi atapelekwa hospitali kwa gari, atapasuliwa na daktari mkubwa, hatakufa huyo. Mimi ndiye nitakayekufa, nisiye na kadi.

Nilikuwa nimeshazaa watatu salama salimini, hakuna aliyewahi kunigusa kwa kisu. Nilijua hilo wakati nafungua kopo.

Nikala moja. Mwezi uliofuata alikuja akachukua yake, nami nikachukua yangu alipotoka. Sikurudisha hata barabara ilipofunguka, nikachukua na ya mwisho. Ukishazoea cha bure, mkono hauendi tena mfukoni. Siku alipokuja kwa zamu yake nyingine nilifukua gunia naye amesimama pale, nikiomba niwe nimekosea hesabu. Nikabandua kifuniko. Kopo tupu.

Nikasema, "Panya."

"Panya?" akasema.

"Panya wa mchele, mdogo wangu. Wamezidi mwaka huu. Wanakula mpaka sabuni."

Alitazama kopo. Akatazama kifuniko cha bati nilichokibandua kwa kijiko mbele ya macho yake. Nikaendelea kuongea, nikamweleza habari za panya wa jirani yangu sokoni waliotafuna noti, sijui nilikuwa nasema nini. Akaningoja nimalize.

"Basi, dada, usijali," akasema. "Nitatumia kadi."

Na mimi badala ya kuona aibu, nikakasirika! Ndiyo, nilikasirika. Nikajisemea unaona sasa, si nilisema? Kwake hii ni karatasi tu. Mtu anapoteza pakiti zake na hata uso haukunji. Nililala usingizi mzito usiku ule, na wivu wangu ukalala pembeni yangu umeshiba.

Miezi mitatu baadaye alianza kutapika bombani.

Mumewe alitanua mabega kama ameshinda uchaguzi. Nyama ilianza kuingia ndani kila Jumamosi, na parachichi, na samaki wa Ziwa Nyasa. Kila mwezi alimpeleka hospitali kupimwa, kadi mfukoni. Mimi nikiwa nimeinama nafua niliwatazama wakitoka getini na nilichohisi hakikuwa huruma. Nilisema, angalia anavyobebwa kama yai. Siku moja nilimkuta amekaa nje ameshika tumbo kwa mikono miwili pale chini penye kovu, anatazama ukuta. Nikamsalimia. Akaitika vizuri. Hakuniuliza lolote, nami nikapita haraka, nina haraka ya wapi sijui.

Alipofika mwezi wa nane uchungu ukamwanza mchana, gari la ofisi likaja kumchukua. Aliponipita alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi. "Dada, nitazamie watoto," akasema, na nikawatazamia, hilo nililifanya.

Hakurudi pale nyumbani. Mumewe alikuja peke yake wiki ya tatu kufunga mizigo, amepata uhamisho kwenda Vwawa. Nikamwuliza, "Shemeji, mgonjwa?" Akasema Mungu ni mkubwa, wamepata binti, jina la mama limepata mtu, mkewe yuko Itaka kwa wazazi anapumzika. Alikuwa anacheka. Akapakia kitanda na meza, na lile kopo la maziwa, nililokuwa nimelitupa nje, akaliacha pale pale kwenye ngazi.

Nilishusha pumzi. Amezaa, hajafa. Si nilisema mwenye kadi hafi? Halafu, kwa vile roho yangu ndivyo ilivyo, nikaanza kununa kwamba hata kuaga hakuaga. Kahamia makao makuu ya wilaya, atatukumbuka sisi wa mpakani?

Ikapita miaka mingi. Mume wangu akaacha udereva, mgongo umemkatalia, akawa analala nyumbani kila siku, na mimi bado nameza na bado nanunua. Ndipo wakatufuata sokoni kututangazia bima ya sisi wenye biashara ndogo. Unachangia kwa mwaka, unapewa kadi. Watu walikuwa wanajivuta, wanauliza maswali. Mimi nilikuwa wa kwanza kupanga foleni. Siku ya picha nilivaa hereni. Nikainamisha kichwa kidogo.

Siku niliyoipokea sikwenda hata sokoni. Nilikwenda moja kwa moja hospitali, dirisha la dawa, nikaiweka kadi yangu mbele ya binti aliyekaa pale, nikasema kwa sauti wasikie na walio nyuma, "Naomba vidonge vya majira. Vya miezi sita."

Akaitazama kadi, akanitazama. "Mama, hivyo havimo kwenye bima. Nenda kliniki siku ya Jumanne vikiwepo, au kanunue dukani."

"Kadi hii ni ndogo labda," nikasema. "Ile ya wafanyakazi wa serikali je?"

"Hata hiyo, mama. Mimi nipo dirishani hapa siku nyingi, sijawahi kumpa mtu vidonge hivyo kwa kadi yoyote."

Mtu wa nyuma yangu alinigusa bega nisogee. Nilikuwa nimeshikilia nondo za dirisha. Nilisikia sauti ya chini, ya mtu anayepima maneno, inasema basi, dada, usijali, nitatumia kadi.

Nikaenda kwa yule mama wa duka la dawa. Nikanunua pakiti sita, kwa fedha yangu, bila kupunguziwa. Kesho yake nikapanda gari kwenda Vwawa.

Nyumba nilionyeshwa na watu wa kanisa. Ilikuwa nyumba yao wenyewe sasa, ya matofali ya kuchoma, na sebuleni kuna makochi na vitambaa vyeupe. Hata siku hiyo, na lile lililonipeleka, macho yangu yalihesabu makochi. Sijui Mungu aliniumba na nini.

Alinikumbatia. Alikuwa amekonda na nywele za mbele zimeanza mvi, ingawa mimi ndiye mkubwa. Akanipa chai na magimbi, akaniitia binti yake aje anisalimie, msichana mrefu wa shule ya msingi mwenye jina la bibi yake. Mtoto alipotoka nikatoa pakiti zile kwenye mkoba, nikazipanga mezani, sita.

"Za nini hizi, dada?"

"Ni zako," nikasema. "Hapakuwa na panya. Nilizila mimi."

"Najua," akasema. "Nilikuona mara mbili unatupa makaratasi yake jikoni kwako. Nilidhani utabakiza moja."

Nikamwuliza, kama unajua hivyo, kwa nini uliniambia utatumia kadi? Akafikiri kidogo, kama kawaida yake.

"Ulikuwa umeshika kifuniko, unaongea tu habari za panya. Ningekwambia nini? Na kweli nilikwenda. Nilimwambia mume wangu kichwa kinaniuma, akanipeleka, nikamwomba nesi kwa siri. Wakasema havimo. Kliniki nako vilikuwa vimekwisha. Vile sita mama yangu alininunulia alipouza kahawa, maana aliniona hospitali nilipojifungua mara ya pili, aliogopa. Nikasema nitangoja msimu auze tena."

Akanywa chai. Nje kuku walikuwa wanagombana.

"Kovu lilipasuka," akasema. "Damu ilikataa kusimama, wakatoa kizazi siku ile ile. Duka lilishafungwa, dada. Mimi hizi nizipeleke wapi?"

Nilianza kulia, na hata kulia kwangu kulikuwa na kelele, mpaka mtoto akachungulia mlangoni. Yeye hakulia. Alizikusanya pakiti moja moja, akazifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaniwekea kwenye mkoba wangu juu ya magimbi aliyonifungia ya njiani.

"Wewe bado unazihitaji," akasema. "Zitumie, zisije zikaharibika."

Nikarudi nazo Tunduma. Na hizo sita pia nilizila mimi.